Nani Alipe Gharama ya Ardhi na Maji?

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Bodi ya Chama Kikuu, mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama)



Leo ni siku ya furaha kwetu sote. Chama chetu kimetimiza miaka kumi, na desturi ya siku kama hii ni kuhesabu yaliyotendeka: maghala yaliyojengwa, mizani iliyonunuliwa, kahawa iliyouzwa, na wakulima waliopata haki yao. Mambo hayo yameelezwa vizuri na wenzetu waliotutangulia kusema, wala hatuna haja ya kuyarudia. Sisi tumepewa kazi nyingine, nayo ni kulitazama deni ambalo halimo katika vitabu vya Chama, na ambalo mkaguzi wa hesabu hawezi kuliona hata akikesha. Deni hilo limo katika ardhi tunayoilima na katika maji tunayoyanywa.

Kama mjuavyo, wajumbe wa mkutano mkuu ujao watakuwa na shauri moja zito la kuamua: kwamba yakubaliwe au yakataliwe makato maalum katika kila kilo ya kahawa, ili fedha hizo zitumike kuchimba mashimo ya kupokea maji machafu ya mitambo ya kumenya kahawa, kupanda miti penye chemchemi, na kutengeneza makingamaji katika mashamba ya milimani. Wapo wanaosema kwamba jambo hili ni jema, ila wakulima hawatakubali kulipa. Neno hilo twalisikia kila siku, nalo limekwisha kuwa kama methali. Leo twaomba ruhusa yenu tulipime neno hilo, tuone kama ni kweli.

Kwanza yatupasa kuliweka jambo lenyewe wazi. Mkulima anapopeleka mtamboni kilo 100 za kahawa mbivu, kahawa kavu ya maganda inayopatikana mwishoni ni kama kilo 20 tu. Karibu kilo 40 ni makapi, yaani ganda jekundu la nje pamoja na nyama ya tunda. Na sehemu iliyobaki ni maji, pamoja na ule utelezi unaooshwa katika matangi. Makapi na utelezi huo vina sukari nyingi. Vikiingia mtoni huchacha, na katika kuchacha huko huimaliza hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki wakakosa pumzi, maji yakageuka rangi, na harufu yake ikawafukuza hata ng'ombe. Hii si sumu iliyoletwa kutoka ng'ambo. Ni tunda letu wenyewe; lakini lililo tamu mtini laweza kuwa chungu mtoni. Tena sehemu kubwa ya kazi ya kumenya kahawa huangukia miezi ya kiangazi, wakati mito imepungua na haina nguvu ya kuchukua uchafu na kuupoteza.

Kadhalika na udongo. Mvua kubwa ikipiga shamba la mteremko lisilo na kingamaji wala matandazo, huchukua ule udongo mweusi wa juu, ambao ndio wenye chakula cha mmea. Mkulima hununua mbolea msimu hata msimu, naye hajui kwamba sehemu ya mbolea hiyo huteremka pamoja na maji ikaenda kujaza matope katika mifereji ya watu wa tambarare. Hapo hasara ni mbili: wa juu amepoteza, na wa chini hakupata faida.

Dawa za maradhi haya zinajulikana. Maji ya kuoshea kahawa yaweza kutumiwa zaidi ya mara moja kabla ya kumwagwa. Yakiisha kutumika, yaelekezwe katika mashimo yaliyo mbali na mto, yatue na kunywewa na ardhi. Makapi yakirundikwa pamoja na samadi na majani, yakageuzwa kila baada ya muda, huwa mboji nzuri ya kurudisha kwenye migomba na mibuni. Kingo za mito zipandwe majani na miti ya asili. Mashamba ya mteremko yachimbwe makingamaji kwa kufuata usawa wa mlima. Hapana siri katika dawa hizi. Kila dawa, hata hivyo, ina bei yake, na hapo ndipo penye kikwazo.

Ndugu wanachama, kabla ya kuuliza kama watu watalipa, yafaa tuulize kama hivi sasa hawalipi. Mama anayeiacha chemchemi ya karibu kwa sababu imechafuka au imekauka, akaenda mwendo mrefu kuitafuta nyingine, amekwisha kulipa. Amelipa kwa miguu yake na kwa saa za kazi yake. Mzazi anayempeleka mtoto zahanati kwa ugonjwa wa tumbo amekwisha kulipa. Mkulima aliyekuwa akipata debe tatu mahali ambapo leo hupata debe mbili amekwisha kulipa, ijapokuwa hakupewa stakabadhi. Basi swali la kweli si kama gharama hii italipwa au haitalipwa. Gharama ya namna hii hulipwa daima. Swali ni kama italipwa kwa utaratibu, kila mtu kwa kadiri yake, ama italipwa ovyo na wale walio wanyonge kuliko wote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba mara nyingi anayeujenga ukuta siye aliyeuacha ufa.

Sasa tuitazame historia ya nchi zetu, maana ndiyo shahidi asiyepokea hongo.

Katika mlima Kilimanjaro, tangu kabla ya kuja kwa Wazungu, watu wa koo za Kichagga walichimba mifereji wanayoiita mifongo, wakaleta maji kutoka makorongo ya juu mpaka vihambani. Wasafiri wa Kizungu waliofika huko katika karne ya 19 waliistaajabia kazi hiyo. Hapakuwa na benki iliyowakopesha wala serikali iliyowapelekea mhandisi. Kila aliyetumia maji ya mfongo alikuwa na wajibu wa kutokea siku ya kazi, kuzibua na kukarabati. Na aliyekosa bila udhuru alitozwa faini na wenzake. Hayo yalikuwa malipo kamili. Sarafu yake ilikuwa jasho, na daftari yake ilikuwa kumbukumbu ya wazee. Basi asiseme mtu kwamba kulipia maji ni jambo geni lililoletwa na wataalamu. Babu zetu walilipa, na walijua wanalipia nini.

Lakini historia ina upande wa pili. Katika milima ya Uluguru, mwaka 1950, Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: udongo ulikuwa ukiporomoka, na mto Ruvu unaotoka katika milima hiyo ulikuwa ukijaa matope. Watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa ngumu kupita kiasi. Na kwa kuwa udongo wa juu katika miteremko ile ni mwembamba, uchimbaji wa ngazi ulifukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakapungua badala ya kuongezeka. Waliolalamika hawakusikilizwa. Mwaka 1955 zikatokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ule ukaachwa. Hapo wapo waliosema kwamba wenyeji hawaijali ardhi yao. Sisi twasema kwamba Waluguru hawakukataa kuitunza ardhi. Walikataa kulipa bei waliyopangiwa na wengine, kwa kitu ambacho macho yao wenyewe yaliona kwamba hakifai.

Ushahidi wa neno hili uko kwa jirani zetu wa Ukambani, nchini Kenya. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kuipinga amri ya Serikali ya kupunguza ng'ombe wao kwa ajili ya kuhifadhi ardhi. Mtu aliyewatazama siku ile angeweza kusema kwamba hawa ni adui wa udongo. Lakini katika miaka iliyofuata, watu hao hao, katika vikundi vyao vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, walichimba makingamaji katika sehemu kubwa ya mashamba ya Machakos. Waliyachagua wenyewe yale ya namna ya fanya juu, ambapo mkulima huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu, kwa sababu waliona kwamba yanashika maji na kuleta mavuno. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu habari hizo, wakaonyesha kwamba kati ya mwaka 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na juu ya hayo mmomonyoko wa udongo ukapungua. Waliogoma mwaka 1938, wao pamoja na watoto wao, ndio waliolipa baadaye. Kilichobadilika ni kwamba sasa waliamua wenyewe.

Na hapa kwetu Tanzania tunao mfano wa Shinyanga. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi, kwanza kuwafukuza mbung'o, kisha kupata mashamba na kuni, hata sehemu kubwa ya mkoa ikabaki wazi. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Wataalamu wake hawakuanza kwa kuleta jambo jipya. Waliuliza desturi ya Wasukuma ya ngitili, ambayo ni kutenga sehemu ya malisho na kuipumzisha wakati wa mvua ili ifae wakati wa kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimebaki wakati huo zilikuwa chache sana, hekta mia kadhaa tu kwa hesabu iliyowekwa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Mwenye kutenga ngitili hulipa kwa kujinyima: huyaona majani yamestawi, ng'ombe wake wana njaa, naye hawaingizi kabla ya wakati wake. Sheria za ngitili zilitungwa na kusimamiwa na wanakijiji wenyewe, na kwa hiyo zilishika.

Hata hivyo, ndugu zetu, tusijidanganye kwamba moyo wa wenyeji peke yake watosha. Yapo mambo ambayo mtu wa mlimani hulipa gharama na mtu wa bondeni hupata faida. Mkulima akiacha kulima ukingo wa mto, yeye amepoteza mistari kadhaa ya mahindi. Anayefurahi ni mnywaji wa maji aliye mbali, ambaye hata jina la mkulima huyo halijui. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria hiyo ni nzuri, nasi twaitii. Lakini mita 60 kwa mwenye ekari 20 ni pembe ya shamba. Kwa mwenye ekari moja iliyolala kando ya mto ni karibu shamba zima. Haki yataka tuone kwamba huyu wa pili anatakiwa kulipa zaidi kuliko sisi wote, bila kuulizwa.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa kutengenezwa. Katika milima ile ile ya Uluguru, nusu karne baada ya ghasia za Matombo, mashirika ya CARE na WWF yalianza mwaka 2006 mpango wa namna nyingine kabisa. Wakulima wa Kibungo, kwenye vyanzo vya mto Ruvu, walikubaliana kuchimba makingamaji, kupanda miti na kuacha kulima karibu na maji. Nao walilipwa kwa kadiri ya kazi iliyopimwa shambani. Miongoni mwa waliotoa fedha walikuwa watumiaji wa maji hayo walio Dar es Salaam, yaani kampuni ya maji ya jiji, iliyoitwa DAWASCO wakati huo, na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza. Mlima ni ule ule, udongo ni ule ule, hata kazi yenyewe yafanana. Mwaka 1955 watu walipigania kuikataa. Safari hii waliifanya kwa hiari, kwa kuwa anayefaidi naye alitia mkono mfukoni.

Huko Naivasha, Kenya, lilifanyika jambo kama hilo. Wenye mashamba ya maua na watumiaji wengine wa maji ya ziwa walijiunga katika jumuiya yao ya watumia maji. Kuanzia mwaka 2010 jumuiya hiyo ilitoa hati za manunuzi kwa wakulima wadogo wa milima ya juu waliopanda majani na miti na kuchimba makingamaji, nao wakazitumia hati hizo kupata pembejeo madukani. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa kwa mwaka, wala hakikumtajirisha mtu. Lakini kilikuwa na maana yake. Kilimwambia mkulima kwamba kazi yake imeonekana, na kwamba aliye chini anajua maji yake yanatoka wapi.

Pengine mtu atauliza: mtajuaje kiasi ambacho watu wako radhi kulipa? Wataalamu wa uchumi nao wamejiuliza swali hili, na wana njia yao ya kulijibu, yaani kuwauliza watu wenyewe. Mwaka 1989 meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilipasuka katika pwani ya Alaska, Marekani, mafuta mengi yakamwagika baharini, ndege na wanyama wa bahari wakafa kwa wingi. Wataalamu wakaenda nyumba kwa nyumba katika nchi ile, wakawauliza watu kiasi ambacho wangekubali kulipa ili ajali kama hiyo isitokee tena. Wengi wa waliohojiwa hawakupata kuiona pwani ile, wala hawakutazamia kuiona. Lakini hesabu ilipojumlishwa ilifika dola milioni 2,800. Hapo ikadhihirika kwamba watu huthamini hata mali ambayo si yao na isiyouzwa sokoni.

Lakini wengine walitilia shaka, wakasema kwamba kuahidi ni rahisi kuliko kutoa. Basi mwaka 1993 baraza la wachumi wakubwa, likiongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote wawili wenye tuzo ya Nobel, lilitoa shauri lake. Lilisema kwamba njia hiyo yaweza kutegemewa ikiwa itafuata masharti. Mtu aelezwe kwa uwazi kitu gani kitafanywa kwa fedha yake. Akumbushwe kwamba fedha hiyo itatoka katika mfuko wake na itapunguza matumizi yake mengine. Kisha aulizwe kwa kiwango kilichotajwa, ajibu ndiyo au siyo, kama apigavyo kura. Ndugu wanachama, tuliposoma masharti hayo tulitabasamu. Wataalamu hao walisafiri mwendo mrefu wa elimu, wakafika mahali ambapo mkutano mzuri wa ushirika huanzia: jambo liwe wazi, bei ijulikane, na mkono uinuliwe.

Kutokana na hayo yote, Bodi yaona kwamba neno lile la kusema watu hawapendi kulipa si kweli. Lililo kweli ni kwamba watu hawapendi kulipa pasipo kuulizwa, hawapendi kulipa pasipo kuona, wala hawapendi kulipa peke yao. Kwa hiyo twapendekeza kwamba makato haya, yakikubaliwa, yafungwe kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza: kiwango kitajwe na wanachama. Bodi haikuja na kiwango mfukoni. Tutaleta katika kila chama cha msingi makisio ya kazi, mtambo kwa mtambo na chemchemi kwa chemchemi, pamoja na bei zake. Wanachama watachagua kazi ipi ianze, na kwa kiasi gani. Kwa mfano tu, tuseme kiwango ni shilingi 20 kwa kilo ya kahawa ya maganda. Mwenye kilo 300 atatoa shilingi 6,000 kwa msimu. Mwenye kilo 3,000 atatoa shilingi 60,000. Na ikiwa tani zilizopokelewa ni 500, mfuko utakuwa na shilingi 10,000,000. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba hiyo ikatwe kwa kilo, si kwa kichwa, ili mwenye mibuni michache asilingane na mwenye mingi.

Sharti la pili: daftari iwe wazi. Hapa yatupasa kusema bila kuuma maneno. Mkulima wa Tanzania amekwisha kukatwa fedha kwa majina mengi, na si kila jina lilizaa matunda. Mwaka 1966 kamati maalum iliyoundwa na Rais kuchunguza mambo ya ushirika iliona kwamba mojawapo ya udhaifu mkubwa ni kwamba wanachama hawakuwa na habari za kutosha za vyama vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Wazee wanayakumbuka hayo, na tahadhari yao ina sababu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi fedha hizi ziwekwe katika akaunti ya peke yake, zisichanganywe na gharama za ofisi. Mapato na matumizi yabandikwe katika ubao wa kila chama cha msingi kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka. Tena makato yawe na mwisho wake: baada ya misimu mitatu yaletwe upya mbele ya mkutano mkuu, na wanachama wawe huru kuyaendeleza au kuyafuta.

Sharti la tatu: mzigo ugawanywe. Mkulima alipe kwa kilo. Chama Kikuu nacho kitoe sehemu yake kutoka katika ziada. Mwenye mtambo wa binafsi anayetumia mto huo huo aitwe mezani. Jumuiya za watumia maji, Bodi ya Maji ya bonde letu, na halmashauri ambazo watu wake wanakunywa maji yanayotoka huku, ziombwe kuchangia kwa kadiri ya faida yao. Na yule ndugu yetu mwenye ekari moja kando ya mto asiachwe alipe kwa shamba lake peke yake. Apewe miche ya miti ya matunda bila malipo, majani ya kulisha ng'ombe wa ndani, na fidia ya mazao aliyoyaacha, mpaka ukingo ule utakapoanza kumlipa.

Twajua kwamba yapo mashaka. Wa kwanza atasema, bei ya kahawa hupanda na kushuka. Mwaka wa bei mbaya tutatoa wapi? Jibu letu ni kwamba wanachama waweza kuweka kiwango cha chini kwa mwaka wa bei mbaya, na pia kuruhusu siku za kazi zihesabiwe badala ya fedha. Siku moja ya msaragambo penye chemchemi ina thamani yake, nayo iandikwe kama iandikwavyo fedha.

Wa pili atasema, asiye mwanachama atafaidi bila kulipa. Ni kweli, wapo watakaofaidi hivyo. Maji safi hayabagui kadi. Lakini tukingoja mpaka asibaki hata mmoja wa kufaidi bure, tutangoja mpaka mto ukauke. Ushirika haukuanzishwa na watu waliosubiri kila jirani akubali. Ulianzishwa na wachache waliojiamini, na wengine wakafuata walipoona matokeo. Hata hivyo, twaomba serikali za vijiji zitusaidie kwa sheria ndogo, ili asiyetoa fedha atoe siku ya kazi.

Wa tatu atasema, hii ni kazi ya Serikali. Serikali ina sehemu yake, na leo, mbele ya wageni wetu, twaikumbusha sehemu hiyo kwa heshima. Lakini maji ya mtambo yanatokana na kahawa yetu, na fedha ya kahawa huingia mfukoni mwetu. Mchuma janga hula na wa kwao. Na wa kwetu ni wale watoto wanaooga na kuchota chini ya mtambo. Zaidi ya hayo, wanunuzi wa kahawa siku hizi wanazidi kuuliza namna kahawa ilivyooshwa. Mtambo msafi ni sehemu ya sifa ya kahawa yenyewe, kama ilivyo rangi yake na ladha yake.

Ndugu Mwenyekiti, wakulima wenzetu: katika miaka kumi tumejifunza kupima kahawa kwa haki. Tulipoanza, wengi hawakuamini kwamba mkulima aweza kusimama mbele ya mzani wake mwenyewe. Leo hilo si ajabu tena. Miaka kumi ijayo yatutaka tujifunze kupima jambo gumu zaidi, yaani thamani ya vitu ambavyo havina mzani: chemchemi isiyokauka, udongo unaokaa mahali pake, mto ambao mama aweza kuchota bila kuupa kisogo. Hatuwaombi mkubali makato leo; siku ya kuamua bado. Twawaomba mrudi katika vyama vyenu vya msingi, mkae na wanachama chini ya miti yao, mtembee pamoja nao mpaka mtoni, mtazame, mhesabu, mbishane bila hasira. Kisha mje mkutanoni na jibu lililo lenu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo tunauona hapa leo. Kazi ya viongozi ni kuupa daftari nzuri.

 Mwenyezi Mungu atujalie mvua za wastani, kahawa nzito, na maji safi.

Udumu ushirika wetu.